Ukungu kwenye Picha ya Mfalme

Kila alipopita mbele ya kile kijumba cha zege, Karasawa Jinpachi aliweka chini alichobeba, akavua kofia, akainama mpaka mgongo ukalala kama meza. Awe na ndoo ya maji, awe na mzigo wa kuni, awe amebanwa na haja na anakimbilia chooni, ilimlazimu asimame. Kwa siku alikipita mara ishirini na zaidi, maana yeye ndiye aliyekuwa mhudumu wa shule, na waliokijenga walikiweka katikati ya njia, kati ya lango na kisima. Ndani mlikuwa na picha ya Mfalme na mkewe. Jinpachi alikuwa amekiinamia kijumba hicho miaka mitatu na picha yenyewe hajapata kuiona.

Hakuzaliwa mhudumu. Ukoo wake ulifuga viwavi wa hariri tangu enzi za babu wa babu yake, kwenye mteremko ule ule wa Shinano, na miforosadi yao, miti ya kulishia viwavi, ilishuka hadi mtoni. Halafu, mwaka 1930, bei ya hariri ikaanguka. Waliambiwa wanawake wa Marekani wameacha kununua soksi za hariri kwa sababu mabenki ya kwao yamefilisika. Mwanamke mmoja ambaye Jinpachi hamjui wala hatamjua, ng'ambo ya bahari, kaamua kukaa miguu mitupu, na Jinpachi kwa ajili hiyo anang'oa miti ya babu yake apande viazi! Alicheka siku aliposikia, kisha akaingia chumba cha viwavi akalia, maana walikuwa bado wanakula, hawana habari, na majani yenyewe yanakwisha.

Benki ya bondeni nayo ikafunga milango, na Jinpachi akaomba kazi ya uhudumu shuleni. Watoto wakawa wanakuja shule bila chakula na kunywa maji ya kisimani wakati wenzao wanafungua vyombo vyao. Mabinti watatu wa kitongoji cha juu waliteremka na mtu mgeni mwenye kofia ya mjini, na wazazi wao hawakuthubutu kuwataja tena. Wanasiasa walikuja kwa motokaa wakati wa kura, wakaahidi daraja, wakarudi Tokyo kugombana juu ya hongo za makampuni makubwa. Kwa hiyo alipokuja ofisa mmoja kijana wa jeshi, mwenyewe mtoto wa wakulima, akasimama kwenye ukumbi wa shule na kusema kwamba adui wa kijiji si theluji bali matajiri na wanasiasa waliowaweka mfukoni, na kwamba Manchuria kuna ardhi nyeusi isiyo na mwisho inayowangoja, watu walishangilia. Jinpachi naye alipiga makofi mpaka viganja vikamuuma. Mwaka 1932 wanajeshi vijana walipompiga risasi waziri mkuu nyumbani kwake, karatasi ya kuwaombea huruma wauaji ilipitishwa nyumba kwa nyumba, na Jinpachi aligonga muhuri wake, ambao kwao ndio sahihi. Hakulazimishwa na mtu. Hilo nalisema ili mtu asije akadhani woga ulimwingia mtu huyu siku moja tu, kutoka nje, kama mwizi.

Woga ulianza kuonekana mwaka 1933, polisi walipokuja kuwachukua walimu. Walidaiwa kusoma vitabu vyekundu, vya wakomunisti. Pale shuleni walichukuliwa watatu, na mwalimu mkuu, Aruga Sakunosuke, aliitwa kuhojiwa akakaa siku kumi na moja. Aliporudi alikuwa amekonda, na sauti yake ya kufundishia, ile iliyokuwa ikisikika hadi kisimani, haikurudi naye. Tangu hapo chumba cha walimu kikawa kimya. Ukiingia na birika la chai unasikia kalamu tu zinavyokwaruza.

Mwaka 1935 ndipo ilipokuja amri ya kijumba. Picha isikae tena kwenye kabati la ofisi, maana shule za mbao huungua, na katika bonde la pili mwalimu mkuu mmoja alikuwa amejitosa motoni kuiokoa wasipate chochote chake ila vifungo vya koti. Aliyesimamia ujenzi alikuwa Momose Gonzaburo, mkuu wa chama cha askari wa akiba kijijini, sajenti wa zamani mwenye duka la mchele na shingo nene. Zege lilimwagwa wakati wa mvua za Juni ili kijumba kiwahi sherehe ya vuli.

"Bwana Momose," Jinpachi alimwambia siku hiyo, kwa adabu, kofia mkononi. "Zege hili bado lina maji tumboni. Mimi nimefuga viwavi, unyevu naujua. Lingeachwa wazi mwaka mmoja likauke, halafu ndani tuweke mbao nyepesi kama za makabati ya nguo."

"Mzee, wewe ni fundi?"

"Hapana, bwana."

"Basi Mfalme amngoje mfagiaji amwambie lini ahamie?" Watu wakacheka. "Zege halinywi maji. Nenda kachemshe chai."

Jinpachi akaenda kuchemsha chai. Na kwa kuwa ilikatazwa kuufungua mlango isipokuwa dakika chache za ukaguzi na sherehe, mara nne kwa mwaka, kijumba hakikupigwa na upepo hata siku nzima moja. Walikiheshimu mno wasikifungue.

Sasa tumefika mwaka 1938, na kitu pekee ambacho Jinpachi alikuwa nacho cha kupoteza kilikuwa Teiji. Mwanawe mkubwa alikuwa amepelekwa China mwaka uliotangulia na alikuwa ameleta barua mbili, zote fupi. Teiji, wa pili na wa mwisho, alikuwa na miaka kumi na mitano, ndiyo kwanza amemaliza shule mwezi Machi. Mwanzoni mwa mwaka ule kulikuwa kumekuja barua kutoka mkoani: kila shule itoe wavulana wa umri huo waende Manchuria, jembe mkono mmoja na bunduki mkono wa pili. Shule yao ilipangiwa watano. Waliojitolea walikuwa watatu. Orodha iliandikwa na mwalimu mkuu, na bila sahihi yake haikwenda popote.

"Mzee Jinpachi," Aruga alimwambia siku moja, chini chini, wakiwa peke yao kwenye kibanda cha kuni. "Maadamu mimi nipo kwenye kiti hiki, Teiji wako hataandikwa. Nitawaambia ana ugonjwa wa kifua."

"Mwalimu Mkuu, Momose anahesabu vichwa."

"Acha ahesabu. Siku ya mwisho ni tano Mei. Ikipita, watakuwa wameandikwa wengine."

Jinpachi aliinama kumshukuru. Tangu siku ile aliomba kitu kimoja tu, kwamba kiti cha Aruga kisitikisike mpaka tano Mei.

Tarehe ishirini na nane Aprili, asubuhi, Aruga alitoka ofisini na glavu nyeupe mikononi. Kesho yake ilikuwa sikukuu ya kuzaliwa Mfalme, na ilikuwa lazima aikague picha. Mvua nyembamba ilikuwa inanyesha. Jinpachi alisimama nyuma yake na mwavuli, ameugeuzia kijumba mgongo kama desturi ilivyotaka, macho kwenye matope. Alisikia kufuli, akasikia mlango wa chuma, kisha hakusikia kitu kwa muda mrefu mpaka mkono ulioshika mwavuli ukaanza kumuuma.

"Jinpachi." Sauti ya Aruga haikuwa ya mtu mzima. "Geuka."

"Mwalimu Mkuu, mimi siruhusiwi."

"Geuka nimekwambia! Nitakufia hapa."

Akageuka. Kwa mara ya kwanza maishani akaiona picha, na alichokiona kwanza hakikuwa uso. Kilikuwa ukungu. Ulianzia kwenye kola ya Mfalme ukapanda shavuni mpaka karibu na jicho, mweupe, wa manyoya laini. Jinpachi aliujua. Ndio ule ule uliokuwa ukiingia chumba cha viwavi miaka ya mvua nyingi, kiwavi akakauka na kuwa mgumu kama chaki. Baba yake alikuwa akiuona tu, anachoma trei zote.

Akarudi nyuma hatua moja. Maana alikuwa na siri. Mwezi Februari, akipangusa theluji, aliona matone kama ya jasho yakitoka ndani kupitia bawaba za mlango. Alijua maana yake. Alikaa siku tatu akitafuta namna ya kusema, na kila alipofikiria amwambie nani, na huyo atamwambia nani, na mwishowe nani ataulizwa kwa nini alikuwa anachungulia mlango wa Mfalme, aliahirisha. Akanyamaza. Sasa ndio haya.

"Nikiripoti," Aruga alisema, "watakuja wa mkoani. Watafungua faili la mwaka thelathini na tatu. Watasema nimefanya makusudi." Akavuta glavu zake zikamkaa vidoleni. "Nisiporipoti nikaonekana, ni afadhali nijiue mwenyewe mapema. Mke wangu atakula wapi, Jinpachi? Niambie, huo ukungu unatoka au hautoki?"

Jinpachi hakumfikiria mke wa Aruga. Alifikiria siku saba zilizobaki, na kiti. "Unatoka," akasema. "Kwa unyoya. Kama tunavyowafagia viwavi wachanga kwenye karatasi yao. Hauumizi kitu."

Alikwenda nyumbani akarudi na ule unyoya wa ndege ambao mama yake alifagilia viwavi, uliokuwa umefungwa kwenye karatasi miaka minane. Aruga alishika fremu kwa glavu zake nyeupe na Jinpachi, mwenye mikono ya kuchanja kuni, akamfagia Mfalme shavu. Hakuwa amewahi kuogopa namna ile. Alikuwa anapumulia pembeni pumzi yake isimfikie yule aliyemo pichani. Ukungu ulitoka vizuri, kama unga. Na ngozi ya picha ikatoka nayo. Chini yake, kutoka kola hadi karibu na jicho, kukabaki baka jeupe la karatasi tupu, kubwa kama jani.

Walitazamana. Mpaka dakika ile ilikuwa kazi ya unyevu. Sasa ilikuwa kazi yao.

"Kesho," Aruga alisema, "picha ikiwekwa ukumbini na pazia lake likifunguliwa, wote watainama. Si ndiyo?"

"Wote, Mwalimu Mkuu."

"Hakuna anayetazama."

"Nani athubutu?"

"Basi." Akafunga mlango, na funguo zikamdondoka mara mbili kabla hajaziweka mfukoni.

Asubuhi ya sikukuu ukumbi ulijaa. Wanafunzi mbele, walimu pembeni, wakubwa wa kijiji kwenye viti, Momose akiwa na nishani zake. Kila mtu alijua kwamba kifuani, upande wa ndani wa koti, Momose anabeba picha ya mwanawe, aliyefia karibu na Shanghai mwezi wa Oktoba. Jinpachi alisimama nyuma kabisa karibu na mlango. Aruga akapanda jukwaani. Pazia la zambarau mbele ya picha likafunguliwa, naibu wake akatoa amri, na watu mia tatu wakakunja migongo kwa pamoja. Hakuna aliyekohoa. Mfalme mwenye nusu ya shavu aliwatazama wote, na hapakuwa na mtu wa kumwona.

Jinpachi aliinama kama wengine. Lakini hofu ilimsukuma ahakikishe. Akanyanyua macho tu, si kichwa, ayapitishe juu ya ile migongo. Mmoja haukuwa umekunjwa. Shingo nene ya Momose ilikuwa imesimama wima. Hakuonekana kama mtu anayepeleleza. Alikuwa anatazama tu, kinywa wazi kidogo, kama mtu aliyelipia kitu kwa gharama kubwa na sasa anataka kukiona. Kisha mabega yake yakashtuka. Kisha akainama haraka, zaidi ya wengine wote.

Ameona, Jinpachi aliwaza. Ameona!

Wimbo wa taifa uliimbwa, waraka wa Mfalme ukasomwa, watoto wakapewa keki za mchele nyekundu na nyeupe. Jinpachi alingoja kelele. Alingoja polisi. Hakuna kilichotokea, na hilo lilimtisha kuliko kelele. Saa nne na nusu Momose alibisha hodi ofisini, akakaa bila kukaribishwa, na Jinpachi akaitwa alete chai.

"Sherehe imekwenda vizuri, Mwalimu Mkuu," Momose alisema.

"Ahsante, Bwana Momose."

"Isipokuwa kile kijumba. Nadhani kina unyevu." Alikuwa anatazama kikombe. "Nitaleta mkaa wa kukausha, mimi mwenyewe, kutoka dukani kwangu. Na mkoani kuna mtu ninayemjua anayeshughulika na kubadilisha... vifaa vilivyochakaa. Kimya kimya. Hakuna haja ya kuandika barua."

Aruga alikuwa mweupe kama karatasi iliyoko mbele yake. "Unyevu," akasema.

"Unyevu. Wewe hukuona kitu, mimi sikuona kitu. Tulikuwa tumeinama, siyo?" Akanywa chai. "Haya, ile orodha. Watatu ni aibu. Kijiji cha jirani kimetoa wanane. Mimi mwanangu nimemtoa, sikuuliza ana kifua au hana. Mwandike yule wa pili wa mwashi. Halafu mwandike Teiji wa huyu mzee."

Birika lilikuwa mkononi mwa Jinpachi. Neno lilikuwa limemfika kooni, neno lenyewe fupi: wewe ulitazama. Wewe Momose, katika watu mia tatu, ndiye uliyenyanyua kichwa. Lingemmaliza Momose palepale, nishani na shingo na vyote. Lakini mtu wa kwanza kuulizwa angekuwa yeye: na wewe mzee, ulijuaje, kama ulikuwa umeinama? Na baada ya hapo: huo unyoya ni wa nani? Aligeuka kwa Aruga. Aruga alikuwa anasaga wino, taratibu, hanyanyui macho.

"Mzee Jinpachi," Momose alisema, na ajabu ni kwamba alisema kwa upole. "Usininunie. Hapa Teiji atarithi nini, ufagio? Kule atapata shamba. Unasemaje?"

Alikuwa na muda wa pumzi moja. Miaka mitatu ya kuinama mara ishirini kwa siku ilikuwa imeufundisha mgongo wake kufanya kazi bila kumngoja. Ukakunjika wenyewe.

"Ni heshima kubwa," Jinpachi alisema. "Ahsanteni."

Akasikia brashi ikipita kwenye karatasi. Herufi nne za jina la mwanawe, mbili za ukoo na mbili zake mwenyewe. Aliwahi kuona fahari Teiji alipojifunza kuziandika.

Nyumbani, mkewe Sawa alimkuta anapekua sanduku akitafuta muhuri wa familia.

"Wa nini?"

"Wa karatasi ya shule."

"Karatasi gani, Baba Teiji? Nitazame. Karatasi gani?" Alipoelewa alikaa chini kwenye vumbi la jikoni. "Si ulisema mwalimu mkuu ameahidi? Si ulisema?"

"Ameshindwa."

"Ameshindwa na nani? Nitakwenda mimi kwa huyo Momose nimtemee mate! Yeye wake amekufa ndio na wetu wafe?"

"Nyamaza, mama, majirani watasikia."

"Wasikie! Nyie wanaume kazi yenu ni kuinama tu. Umekwenda kuinama, sivyo? Niambie hukuinama."

Hakumwambia. Hakumwambia siku hiyo wala baadaye habari za unyoya, wala za matone ya Februari. Aligonga muhuri, alama ikatoka mara mbili.

Waliondoka katikati ya Mei, wavulana watano, kofia mpya zimewazidi vichwa. Kijiji kizima kilikuja shuleni na bendera za karatasi. Momose alitoa hotuba ikakatika katikati, akajifanya ni kikohozi. Aruga alimpa kila mvulana mkono, na alipofika kwa Teiji alimshikilia muda mrefu akitazama viatu vyake. Kisha ikawa zamu ya wazazi kuwasindikiza wanao mpaka mbele ya kijumba, kuaga. Mlangoni palikuwa na vipande vya mkaa vilivyodondoka, na Jinpachi, kwa mazoea, akavisukuma pembeni kwa mguu.

Waliinama pamoja, baba na mwana. Teiji alikuwa mwembamba bado, na kola ya sare ilikuwa inamchoma shingo.

"Baba," alinong'ona wakiwa bado wameinama, "wewe umefanya kazi hapa siku zote. Mfalme yukoje?"

Jinpachi alijua kwamba hii ni nafasi ya mwisho ya kumwambia mwanawe kitu cha kweli. Nyuma yao watu walikuwa wakipunga bendera. Hatua tatu tu kutoka pale, viatu vya Momose.

"Sijui," akasema. "Sijawahi kutazama."

"Hata mara moja?"

"Inama vizuri, Teiji. Wanatuona."